Mchanga Utabebwa na Nani?

Gari langu ni Toyota IST nyeusi. Wanaojua rangi wataelewa nikisema ni ile nyeusi tupu isiyo na chenga za kung'aa, namba 202 kwenye kile kibati kilichogongwa chini ya boneti. Siku likiwa safi hakuna rangi inayoipita, ila haifichi kitu. Ukiipitishia kitambaa chenye punje moja ya mchanga, jua likiwaka utauona mstari. Ukiipitishia mara mia, kila taa ya barabarani inayojiakisi juu yake itazungukwa na duara la mikwaruzo kama utando wa buibui.

Ninaanza na rangi kwa sababu mjadala wa kuosha gari bila maji, au kwa maji ya ndoo moja, huwa unaanzia kwenye maji. Mimi pia nilianzia huko. Imenichukua miezi mingi, na boneti moja iliyoharibika, kuelewa kwamba nilikuwa nauliza swali lisilo lenyewe.

Mwishoni mwa Oktoba 2022 mgao wa maji ulitangazwa Dar es Salaam. Mvua zilikuwa zimekataa na Mto Ruvu umeshuka. Nilikuwa nimepanga Tabata, nyumba ya wapangaji wanne, mita moja, bili inagawanywa. Bomba likawa linatoa upepo. Korido nzima ilijaa madumu ya lita 20, kila mtu kafunga kitambaa cha rangi yake kwenye mkono wa dumu ili yasichanganyike. Jumamosi moja nikachota ndoo mbili nikatoka nazo nje kuelekea kwenye gari. Mama wa chumba cha mbele, mwenye watoto watatu, alikuwa anachambua mchele mlangoni. Hakunigombeza. Aliinua macho akasema, "Kaka, hayo maji ya gari kwangu ni uji wa siku mbili." Nikarudisha ndoo ndani. Gari likakaa wiki tatu na vumbi lake, na mimi nikaanza kutafuta njia nyingine.

Si sisi wa kwanza kufikishwa hapo. Kuanzia Februari 2018 watu wa Cape Town waliwekewa kiwango cha lita 50 kwa mtu kwa siku, kwa kupikia, kuoga, kufulia, kila kitu, na kuosha gari kwa maji ya bomba la jiji kukawa marufuku. Wenye magari walilazimika kujifunza haraka. Nilipoanza kusoma, nikakuta njia mbili ambazo wengi, wauzaji wakiwemo, wanazichanganya kana kwamba ni kitu kimoja.

Ya kwanza ni kuosha bila maji. Dawa inakuja kwenye chupa ya kupulizia, tayari kwa matumizi. Unapuliza kwenye mlango, unafuta kwa kitambaa cha maikrofaiba, unageuza upande mkavu unamalizia. Ya pili ni kuosha bila kusuuza. Hapo maji yapo, lakini ni kama lita 8 tu, na dawa kidogo imechanganywa humo. Unaosha kwa sponji au kitambaa kilicholowa, unakausha, basi. Hakuna maji ya pili ya kuondoa povu, kwa sababu hakuna povu. Kilichobaki juu ya rangi baada ya kukausha hakina madhara.

Mjomba wangu, aliyenifundisha kuendesha, hataki kusikia hata moja. Yeye ameendesha malori miaka mingi, na kwake gari ni kama mtoto mchanga. "Mtoto hapanguswi," aliniambia nilipompigia simu kumweleza. "Mtoto anaogeshwa." Nilimheshimu nikanyamaza, lakini neno lile liliniingia. Kwa nini hasa tunalimwagia gari maji mengi? Mpira wa kawaida wa bustani unatoa kama lita 10 hadi 20 kwa dakika. Dakika kumi za kumwagilia, kusugua na kusuuza ni madumu matano mpaka kumi. Maji yote hayo yanafanya kazi gani?

Wengi tutajibu kwamba yanaondoa sabuni. Hiyo ndiyo kazi yake ndogo. Kazi kubwa ya maji yanayotiririka ni kubeba mchanga na kuushusha chini kabla mkono wako haujagusa rangi. Mchanga wetu mwingi ni kwazi, jiwe lenye ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, gumu kuliko chuma cha kawaida. Na unachokigusa unapoosha gari ni klia, ile ngozi ya juu isiyo na rangi, yenye unene wa maikroni 40 au 50 hivi. Unywele wa mtu ni mnene zaidi. Kwa hiyo ukiyaondoa maji, swali linalobaki ni hili: mchanga utabebwa na nani?

Sikulijua swali hilo Desemba ile. Nilikuwa nimenunua chupa ya dawa ya bila maji na vitambaa vinne. Nikaenda msibani upande wa Maneromango, wilayani Kisarawe, kipande kirefu cha vumbi jekundu, nikarudi usiku gari limebadilika rangi. Kesho yake nilikuwa na wageni wa kuwapokea. Nikatoa chupa. Maelezo yake yalisema wazi kwamba ni ya vumbi jepesi, na mimi neno "jepesi" nikalipita kama halipo. Nikapuliza boneti nzima mpaka ikawa tope jembamba, nikaweka kitambaa, nikavuta.

Nilisikia. Ni mlio mdogo sana, kama mtu anapopitisha kidole kwenye sufuria yenye ukoko. Nilipaswa kuacha palepale. Nikajiambia dawa ina utelezi, itasaidia. Ni kweli dawa hizi zina vilainishi na nyingine zina nta ndani yake, na kazi yao ni kuzungushia kila punje kitu kinachoteleza ili ipande kwenye nyuzi za kitambaa bila kukwaruza. Lakini utando ule wa dawa ni mwembamba. Unatosha kwa vumbi la siku mbili la barabara ya lami. Vumbi la Kisarawe lilikuwa nene kuliko utando wenyewe, punje zikakaa katikati ya kitambaa na klia, na mkono wangu ukazisukuma. Gari liling'aa kwelikweli usiku ule. Asubuhi jua lilipopanda juu ya ukuta wa jirani, nikaona mistari, mingine mirefu kama kiganja, yote ikifuata njia ya mkono wangu.

Fundi aliyekuja kuipolishi aliipitishia kidole, akachuchumaa akaitazama kwa pembeni. Akaniambia maneno ambayo nayarudia kwa kila mtu anayeniuliza habari za magari: "Bosi, klia haioti. Ukiila, imeliwa." Polishi haizibi mkwaruzo. Inakula klia iliyouzunguka mpaka pote pawe sawa. Unaweza kufanya hivyo mara chache tu katika maisha ya gari.

Nilikasirika na dawa ile kwa muda, halafu nikaona kosa lilikuwa la kwangu. Ilifanya ilichosema kwamba inaweza. Mimi ndiye niliyeipa mzigo usio wake.

Njia ya bila kusuuza niliianza miezi michache baadaye, ndugu yangu aliponiletea chupa ya Optimum No Rinse kutoka safari. Dawa hiyo ni ya kampuni ya mkemia David Ghodoussi, na wapenzi wa magari huko Marekani wameizoea kiasi kwamba wanaiita kwa herufi tatu tu, ONR. Kipimo chake kilinishangaza: sehemu moja ya dawa kwa sehemu 256 za maji. Kwa ndoo yangu ya lita 8 hiyo ni mililita 30 na ushee. Sina kikombe cha kupimia, ila duka la dawa linauza bomba la sindano la mililita 10, nikalinunua bila sindano yake. Navuta mara tatu. Mwanzoni nilikuwa naongeza "kidogo ya baraka" juu yake, gari likabaki na ukungu unaonata. Kipimo ni kipimo. Chupa ya karibu lita moja inanitosha mara kama 30.

Sasa mchanga unabebwa na nani kwenye lita 8? Unabebwa kwa zamu, na hapo ndipo njia hii inapoipita ile ya kwanza.

Zamu ya kwanza ni ya maji ya kulowesha. Natoa lita moja na nusu kwenye ndoo ileile, naweka kwenye pampu ndogo ya mkono, ile ya kupulizia dawa kwenye maua. Naanza na upande mmoja wa gari: paa, vioo, milango. Napuliza mpaka michirizi inaanza kushuka yenyewe, nasubiri dakika moja au mbili. Ukichuchumaa utaona michirizi ile inavyokuwa ya kahawia ikifika chini ya mlango. Hiyo ni kazi ambayo mkono wako hautaifanya tena.

Zamu ya pili ni ya kitambaa kilicholowa chepechepe. Simaanishi kilichokamuliwa, kikitoka kwenye ndoo kinachuruzika. Nimekikunja mara mbili, kwa hiyo kina nyuso nane. Uso mmoja unapita robo ya mlango, kwa mstari ulionyooka, bila kukandamiza na bila kuzungusha. Kisha uso mwingine. Nyuso nane zikiisha nachukua kitambaa kingine, na kile cha kwanza hakirudi kwenye ndoo hata mara moja. Wako wanaotumia sponji moja na kuisuuza kwenye ndoo kila baada ya mlango, na inafanya kazi, kwa kuwa polima za dawa hii huushika uchafu na kuuzamisha. Mimi nimechagua vitambaa sita au saba, kila kimoja kikitumika mara moja tu, kwa sababu ya ile boneti. Sitaki uchafu uliokwisha kutoka kwenye gari upate nafasi ya kurudi.

Ya mwisho ni taulo kavu, mara moja kila mlango, kabla maji hayajakauka yenyewe. Na hii ndiyo sababu ninaosha saa 12 na nusu asubuhi, bati likiwa bado baridi. Saa 4 boneti nyeusi ya Dar es Salaam inakausha dawa kabla hujageuka.

Ringi na matairi ni mwisho kabisa, kwa tambara lake ambalo halifuliwi pamoja na mengine, maana vumbi la breki lina chembe za chuma. Maji yanayobaki kwenye ndoo yanamalizia madigadi, kisha yanakwenda chooni. Hapo ndoo ikielekezwa taratibu kwenye mwanga, chini yake kuna duara la mchanga mwekundu, laini kama unga wa muhogo. Nimewahi kuuchovya kwa kidole na kuusugua kwenye kipande cha sidii ya zamani. Ilikwaruzika papo hapo. Huo wote ungekuwa chini ya mkono wangu.

Kuna jambo halisemwi na wanaouza dawa za bila maji. Kufanya kazi ile ipasavyo kwa gari zima unahitaji vitambaa kumi na kuendelea, vyote vikavu, vyote safi. Baadaye vitambaa hivyo vinafuliwa. Nilipima kwa beseni langu: kufua na kusuuza vitambaa 12 vilivyoshiba vumbi na dawa yenye nta kulikula zaidi ya lita 20. Kwa hiyo yale maji niliyodhani nimeyaokoa uani yalikuwa yananisubiri kwenye beseni. Vile vya ndoo vinafuliwa pia, ila vimekwisha kulowa na uchafu wake haujang'ang'ania, maji machache yanatosha. Ukivijumlisha na ndoo yenyewe, njia hizi mbili zinakaribiana mno kwa matumizi ya maji, wakati kwa usalama wa rangi haziko karibu hata kidogo. (Na kwa vyovyote vile, usivitie kile kimiminika cha kulainishia nguo. Kinaziba nyuzi, kitambaa kinaacha kunyonya.)

Faida nyingine nimeigundua mwenyewe, na naipenda. Visima vingi vya ukanda wetu vina maji ya chumvi. Oshea gari jeusi maji ya kisima, acha yakauke juani, utapata madoa meupe ya duara ambayo hata siki inahangaika kuyatoa. Ukiosha kwa lita 150 huna uchaguzi, utatumia yaliyopo. Ukiosha kwa lita 8, unaweza kuchagua maji. Ofisini kwetu kiyoyozi kinadondosha maji kwenye bomba dogo la plastiki nje ya dirisha, siku nzima, yanapotea. Maji yale ni mvuke wa hewa uliopoa; hayana chumvi ya ardhini. Nimemwomba mlinzi aniwekee dumu chini yake. Siku mbili za joto la Februari linajaa. Gari langu linaoshwa kwa maji ambayo hayakutoka kwenye mita ya mtu yeyote, na tangu hapo madoa meupe sijayaona.

Chupa ya bila maji sikuitupa. Iko kwenye buti pamoja na vitambaa viwili ndani ya mfuko uliofungwa, na ina kazi moja inayoifanya kuliko kitu kingine chochote: kunguru. Hawa kunguru weusi wenye shingo ya kijivu, ambao waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na sasa mji mzima ni wao, wanapenda mwembe ninaoegesha chini yake. Kinyesi cha ndege kikikaa juani saa chache kinaanza kuila klia na kuacha alama ya kovu. Ndoo siwezi kuibeba mpaka kazini. Chupa naweza. Napuliza mpaka doa lilowe kabisa, nalaza kitambaa juu yake bila kusugua, nahesabu mpaka sitini, nakiinua kikiwa na kila kitu. Vilevile asubuhi ya siku ya pili baada ya kuosha, gari likiwa na vumbi ambalo ukipuliza kwa mdomo linahama, chupa inatosha. Likiwa haliwezi kuhama kwa pumzi, sifungui.

Hapo ndipo nilipofika katika kuzilinganisha, na sioni aibu kuegemea upande mmoja. Kwa miji yetu, kwa barabara zinazoishia kwenye vumbi mita mia kabla ya nyumbani, ndoo moja ndiyo njia. Chupa ni msaidizi wake.

Nimejaribu kumwonesha kijana anayeosha magari jirani na kituo cha daladala. Ana ndoo mbili, sabuni ya unga na tambara la fulana ya zamani. Sabuni ya unga inaondoa nta yote iliyoko kwenye rangi, na tambara lile nimeliona likianguka chini, likikung'utwa, likaendelea. Sikuanzia huko. Nilimwambia tu, kaka, badala ya kuanza na tambara, anza na maji, yaache yashuke mwenyewe. Alinitazama akasema, "Braza, mteja akiona sisugui anajua nampiga." Ana haki ya kusema hivyo. Kwa wateja wake nguvu ya mkono ndiyo usafi. Nilimwachia vitambaa viwili vya maikrofaiba. Wiki iliyofuata nilikuta kimoja kinatumika kwenye vioo, ambavyo ni vigumu kuliko klia na havikuhitaji huruma ile. Nikamwelekeza tena, na nitaendelea.

Masika yaliyopita mjomba alikuja mwenyewe kutoka shamba na Hilux yake nyeupe. Nilimwamkia, akaitikia huku akiangalia kama nimekwisha kuandaa ndoo. Alikuwa amesikia habari zake kwa shangazi na alikuja kuniona nikishindwa. Nikazunguka gari. Tope lilikuwa limeganda kwenye milango mpaka usawa wa vitasa, mabonge yamening'inia ndani ya madigadi, nyasi zimenasa kwenye bampa. Nikagonga bonge moja kwa kidole, likatoa sauti ya tofali.

"Hili hapana, mjomba," nikamwambia. "Hili linataka presha."

Tulikwenda kwa vijana wenye mashine, tukasimama pembeni tukitazama maji mekundu yakitiririka mpaka yakaanza kuwa meupe. Niliwaomba wasiliguse kwa tambara. Tukarudi nalo nyumbani likiwa limelowa, na sasa nikatoa ndoo yangu, mililita 30 zangu, vitambaa vyangu saba. Mjomba alivuta kiti cha plastiki akakaa. Nilipomaliza mlango wa dereva aliomba kitambaa nilichotumia, akakifungua uso mmoja baada ya mwingine, akiangalia alama ya kahawia kwenye kila uso.

"Na hii yote ilikuwa imebaki?" akauliza. "Baada ya presha?"

"Ndiyo, mjomba."

Akakikunja vilevile kilivyokuwa, akaniwekea juu ya ukingo wa ndoo, bila kukitumbukiza ndani.